Mzee Kaingia Ndani Kuvaa Suti: Uzoefu Wangu wa Kupiga Picha Wakongwe wa Blues Mississippi

Ukitaka kupiga picha za wakongwe wa blues, ule muziki wa Waamerika Weusi, kule Mississippi, Marekani, kitu cha kwanza kukiacha ni kibaraza. Nasema kile kibaraza cha mbao kilichobanduka rangi, mzee kakaa kwenye kiti kibovu, ovaroli mwilini, gitaa mapajani, macho yanatazama mbali. Picha hiyo imepigwa mpaka imechakaa, na wazee wengi niliokutana nao hawaipendi hata kidogo.

Mimi hili halikunigharimu kulijua, maana nimekulia kwenye studio ya baba yangu mdogo Tanga. Pale mteja hapigwi picha mpaka achane nywele, aazime koti la studio likibidi, na aulize mara mbili kama kola imekaa sawa. Nilipohamia Memphis nikafikiri nimekuja kwenye dunia nyingine kabisa. Kumbe mpiga gitaa wa Mississippi akiambiwa anapigwa picha, anafanya yale yale aliyokuwa akifanya karani wa bandari ya Tanga akija kuchukua picha ya Idi.

Kazi inayonilisha ni ya ghalani, zamu ya usiku. Picha ni za siku za mapumziko. Kutoka Memphis unashika barabara ya 61 kwenda kusini, na baada ya kilomita kama 120 uko Clarksdale. Njia nzima ni tambarare, mashamba ya pamba na soya mpaka macho yachoke. Wenyeji wanaiita Delta, lakini usitegemee mdomo wa mto kama Rufiji. Ni bonde lililoko kati ya mto Mississippi na mto Yazoo, udongo mweusi mzito, na ndipo walipolima Waamerika Weusi kwa mfumo wa kugawana mazao na mwenye shamba, mfumo ambao mara nyingi ulimaliza mwaka mkulima akiwa na deni. Humo ndimo ilimotoka sauti ya Charley Patton, Son House, Muddy Waters na wengine ambao majina yao sasa yameandikwa kwenye vibao vya buluu kando ya barabara. Kibao cha kwanza kiliwekwa mwaka 2006 huko Holly Ridge, alikozikwa Patton. Leo vimepita 200. Vibao ni vizuri, lakini usimalize siku nzima ukivipiga picha. Watu bado wapo.

Namna ya kuwafikia hao watu ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, ila ni ya polepole. Usianze Aprili wakati wa Juke Joint Festival, tamasha la blues la Clarksdale, mji umejaa wageni na kila mwanamuziki ana kazi mbili au tatu kwa siku. Njoo wiki ya kawaida. Lipa kiingilio cha klabu, weka pesa kwenye ndoo ya bakshishi bila kusubiri kuonyeshwa, sikiliza mpaka mwisho, na kamera ibaki kwenye begi. Ukirudi mara ya pili na ya tatu, mtu atakuuliza mwenyewe wewe ni nani. Mzee muite Mister, kisha jina lake la kwanza, na mama muite Miss vivyo hivyo. Hili si pambo. Miaka mingi wazungu wa huko walikataa kumpa mtu mweusi heshima ya Mister hata akiwa na mvi. Walimwita kwa jina tupu au "boy". Mgeni anayemwita mzee wa miaka themanini kwa jina tupu anagusa kidonda bila kujua.

Mzee wa kwanza kunikubalia nyumbani kwake nilimkuta anamwagilia nyanya, kavaa fulana ya ndani na malapa. Nilikuwa nimeshapanga kichwani: mwanga wa asubuhi, nyanya zile, mikono ile. Akanitazama, akaitazama kamera, akasema, "Ningojee, mwanangu." Akaingia ndani. Mkewe akaniletea chai ya baridi iliyojaa sukari mpaka meno yakauma. Kutoka chumbani nikasikia pasi inapuliza mvuke, kabati linafunguliwa, linafungwa, linafunguliwa tena. Chai ikaisha, nikaongezewa.

Aliyetoka alikuwa mtu mwingine. Suti ya rangi ya damu ya mzee, shati jeupe lililopigwa wanga, tai ya dhahabu, kofia ya ukingo mfupi, viatu vya rangi mbili vinavyong'aa. Hakuniuliza nataka asimame wapi. Alivuta kiti cha mezani akakiweka mbele ya pazia la sebuleni, akaketi, akachukua gitaa. Hapo ndipo nilipoziona kucha za mkono wake wa kulia: ndefu, zimepakwa rangi isiyoonekana ili zisikatike kwenye nyuzi. Na kwenye kidole kidogo cha kushoto amevaa shingo ya chupa iliyokatwa na kusuguliwa, ile wanayoiburuza juu ya nyuzi ili gitaa lilie kama mtu. Suti, kucha, chupa. Ningempiga kwenye nyanya, ningepata picha ya mkulima anayemiliki gitaa.

Nilirudi nyumbani nikaanza kutazama upya picha za zamani, na ukizitazama kwa jicho la mtu wa studio zinakueleza jambo moja. Patton, aliyefariki mwaka 1934, ana picha moja tu inayojulikana, na humo amevaa suti na tai ya kipepeo. Robert Johnson, aliyefariki 1938 akiwa na miaka 27, kwa muda mrefu alijulikana kwa picha mbili, mpaka ya tatu ikatolewa na familia mwaka 2020. Ile maarufu zaidi aliipiga kwenye studio ya Hooks Brothers, Memphis, studio ya watu weusi. Suti ya mistari, kofia imeinamishwa upande, miguu imekunjwa, anatabasamu. Zipo hadithi kwamba alimuuzia shetani roho yake kwenye njia panda ili ajue gitaa. Kwenye picha yake ya kulipia mwenyewe ni kijana aliyependeza na anayelijua hilo.

Ovaroli zilikuja kutoka kwa wengine. Desemba 1938 kulikuwa na onyesho kubwa Carnegie Hall, New York. Johnson alikuwa anatafutwa apande jukwaani, kumbe ameshakufa, na nafasi ikaenda kwa Big Bill Broonzy. Broonzy alikuwa mwanamuziki wa Chicago, ana rekodi nyingi sokoni, lakini pale alitambulishwa kama mkulima kutoka Arkansas. Mwimbaji Lead Belly naye, mtu wa suti na tai, mwaka 1935 aliigizishwa mbele ya kamera za filamu ya habari akiwa kwenye nguo za mfungwa. Wasikilizaji wa mjini walitaka mtu wa shamba na jela, wakapewa. Kila ninapoona picha mpya ya kibaraza nawakumbuka hao wawili.

Sasa nije kwenye upande ulionila pesa. Baada ya kupiga kwa kamera ya dijitali kwa muda, nilitaka kujifunza picha za bamba, zile za karne ya 19. Unachukua bamba jembamba la chuma lililopakwa rangi nyeusi, unalimwagia kolodioni (dawa nzito ya majimaji), unalichovya kwenye nitrati ya fedha, dawa inayolifanya lishike mwanga, kwa dakika kama tatu, unaliingiza kwenye kamera likiwa bado bichi, unapiga, unakimbia kwenye hema la giza kulisafisha. Yote hayo kabla halijakauka. Hakuna negativu, bamba ni moja, na likiharibika limeharibika. Nilipenda wazo la kumwachia mzee kitu kizito mkononi, kitu ambacho hakifutiki simu ikipotea.

Uzuri wake ni kweli, lakini mafundisho mengi hayasemi habari za joto la Mississippi. Mwezi wa saba kolodioni inakauka pembeni kabla hujafika kwenye kamera, na picha inatoka na ukurutu kama ukuta wenye chumvi. Piga alfajiri, au subiri Oktoba, wakati hata hivyo wengi wanavuka mto kwenda Helena, Arkansas, kwenye tamasha la King Biscuit. Kolodioni ina etha ndani yake, na etha inashika moto upesi mno. Usiiache kwenye buti ya gari juani hata kwa dakika za kununua soda. Nitrati ya fedha inatia weusi vidoleni kwa siku nyingi, ambalo ni jambo la kucheka, lakini ikiruka jichoni inaweza kupofusha, ambalo si la kucheka. Vaa miwani ya kazi. Na kuna wanaotumia sianidi kukamilisha picha kwa sababu inang'arisha bamba. Mimi natumia dawa ya kawaida iitwayo "hypo", inachelewa kidogo lakini sina wasiwasi na wajukuu wa watu wanaozunguka hema langu.

Jambo la pili ni rangi. Dawa hii inaona buluu vizuri sana na nyekundu haioni kabisa. Ile suti ya damu ya mzee iliyonichukua pumzi sebuleni ilitoka nyeusi tii, imemezwa na pazia. Mwenzake mwingine alivaa suti ya buluu. Ikatoka kama kanzu. Ngozi yetu nayo, kwa kuwa ina wekundu mwingi ndani, inatoka nyeusi kuliko ilivyo, mashavu na shingo vinakuwa kitu kimoja. Usifuate muda wa kupiga uliokariri kwa watu weupe, utapoteza uso. Mimi naongeza karibu mara moja na nusu ya mwanga, namweka mtu kivulini karibu na uwazi mkubwa kama mlango wa gereji, kisha nashikia shuka jeupe upande wa pili ili shavu lenye kivuli lirudishiwe mwanga. Na kabla ya siku yenyewe napeleka vitambaa vidogo nilivyokwisha kuvipiga, namwonyesha mtu: suti yako hii itatoka hivi. Achague akijua.

Picha inachukua sekunde kadhaa, kwa hiyo mikono inayotetemeka itatoka ukungu. Usimwambie mzee "tulia", hilo haliko kwenye uwezo wake. Mwambie alaze viganja juu ya mwili wa gitaa, kisogo kiguse ukuta. Inatosha.

La tatu lilinichekesha, ingawa si pale pale. Bamba linageuza kushoto kulia, kama kioo. Mpiga gitaa wa mkono wa kulia anatoka wa mkono wa kushoto, vifungo vya koti vinahama upande, herufi kwenye kichwa cha gitaa zinasomeka kinyume. Kwa sababu hiyo hiyo watu waliamini muda mrefu kwamba Billy the Kid, yule jambazi wa Magharibi, alikuwa wa kushoto. Nilimkabidhi mzee bamba lake bado lina maji, akalitazama kwa kimya, akalisogeza karibu na dirisha, akaniuliza, "Nani huyu, Albert King?" Albert King, mpiga gitaa maarufu wa blues, alikuwa wa kushoto kweli. Mkewe alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo nalisema kabla sijafungua hata chupa ya dawa, kwa sababu mtu aliyeishi miaka sitini na gitaa anauona mkono wake kabla hajauona uso wake. Ukiskani bamba unaweza kuligeuza kwenye kompyuta, nakala ikatoka sawa. Usimwombe mtu ashike gitaa kinyume ili "irekebishwe". Nimeona picha za namna hiyo, na mpiga gitaa yeyote atakwambia huyo mtu hajashika gitaa, kashika fenicha.

Kwa wale wa dijitali watakaoingia vilabuni usiku, neno moja. Red's Lounge pale Clarksdale inajulikana kwa taa zake nyekundu, na taa hizo zinadanganya kamera: skrini inakuonyesha picha iko sawa, kumbe nyekundu imeungua na uso umekuwa bapa kama stempu. Punguza mwanga kuliko unavyoshauriwa na kamera, hifadhi faili ghafi (RAW), kisha geuza iwe nyeusi na nyeupe ukitumia kilichobaki. Flashi iache nyumbani. Mtu anafunga macho katikati ya wimbo, wewe unamwasha radi.

Pesa. Mimi namlipa kila mtu dola 100 kabla sijafungua begi, na nampa nakala mbili kubwa bure. Wapo wapiga picha wanaosema kulipa kunaharibu ukweli wa picha. Hao waulizwe kama wao harusi wanapiga bure. Mwanamuziki anaishi kwa kuonekana na kusikika. Saa mbili zake na zangu ni kazi ya watu wawili.

Mkataba ni ukurasa mmoja, herufi kubwa, na huwa nausoma kwa sauti mbele ya ndugu mmoja wa familia. Sheria ya Marekani inampa mpiga picha hakimiliki tangu anapobonyeza, hata bila karatasi. Aliyepigwa ana haki nyingine, ya jina na sura yake kutotumika kuuza bidhaa bila ridhaa, na Tennessee inailinda haki hiyo hata baada ya mtu kufa. Kwa hiyo karatasi yangu inasema mambo manne tu. Picha ni yangu kuonyesha. Yeye na familia wanaitumia bure kwa bango, kava la albamu, kanisani, msibani. Nakala ikiuzwa tunagawana nusu kwa nusu. Na kwa tangazo la biashara yoyote, ruhusa inaombwa upya. Mstari wa mwisho una majina ya ndugu wawili na namba zao.

Mtu akiniona nasumbuka na karatasi, namsimulia zile picha mbili za Robert Johnson. Mwaka 1974 dada yake wa mama mmoja, Carrie Thompson, alimkabidhi mtafiti mmoja picha hizo kwa mkataba wa kugawana mapato. Baadaye muziki wa Johnson ukauzwa sana, mahakama ikamtambua mtoto wa Johnson kuwa mrithi, na upande wa yule dada ukaenda kudai mapato ya picha. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Mississippi ikawaambia wamechelewa kudai. Picha ya kibanda cha kujipiga mwenyewe na picha ya studio, zilizopigwa kwa vijisenti, zikawagawa watu wa damu moja mahakamani mpaka wengine wakazeeka. Karatasi yangu ya ukurasa mmoja haitazuia kila ugomvi, lakini walau wajukuu watakuta pa kuanzia.

Kulikuwa na nyumba moja ya sanaa, katika jiji ambalo halina haja ya kutajwa, iliyonialika nipeleke kazi. Niligharamia fremu kwa kadi ya mkopo. Walipoziona wakaniandikia kwa adabu kwamba picha ni nzuri ila suti zinapunguza "uhalisia", je, sina chochote cha vibarazani? Nilikasirika, na barua niliyoijibu sikuiandika vizuri. Deni la fremu nililipa kwa zamu za ziada. Kama unaelekea huko, omba kwanza kwa maandishi picha zipi wanazitaka, nani anabeba gharama ya fremu na usafiri, na usinunue mbao hata moja kabla ya jibu. Fremu zile zilikuja kutundikwa kwenye ukumbi wa kanisa la mmoja wa wazee, kwa mwaliko wa bintiye. Watu walivaa. Nakala chache ziliuzwa, kwa bei ya chini, na nusu ikaenda kwa wenyewe siku hiyo hiyo, kwa bahasha.

Binti huyo ndiye aliyenipigia simu baba yake alipofariki, usiku nikiwa kazini. Kule Kusini msiba unakuwa na kijitabu kilichochapwa vizuri: picha kubwa mbele, historia ya marehemu, nyimbo, majina ya wabebaji jeneza. Mchapaji alitaka faili asubuhi. Nilimtumia bamba lililoskaniwa na kugeuzwa, ambalo mimi nililiona ndiyo kazi yangu bora, pamoja na ile ya rangi niliyoipiga kwa dijitali siku ile ile, suti ya damu na tai ya dhahabu mbele ya pazia. Akachagua ya rangi bila kusita. "Baba aliilipia suti hiyo miezi mingi," akasema, "watu waione."

Kwa hiyo sasa napiga rangi kwanza, bamba baadaye, na faili zote naziweka tayari kwa ukubwa wa kuchapwa usiku ule ule ninaorudi, zimeandikwa jina kama mwenyewe anavyoliandika. Jina la jukwaani naliweka kwenye mabano. Mchapaji wa msiba hangoji.